Maji ya Mtu wa Tatu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtu mwenye akili zake haendi kwenye duka kubwa la vifaa vya nyumbani. Siku hiyo wenye akili zao walikuwa wachache mjini, maana duka lilijaa mpaka mlangoni. Watu walipishana na mabomba ya plastiki mabegani, mama mmoja alibeba kioo cha bafuni akiomba njia kila hatua, na foleni ya kulipia ilikuwa imepinda mpaka kwenye ndoo za rangi. Nyuma kabisa, kwenye rafu ya vyombo vya maji, lilikuwa limebaki dumu moja la lita ishirini lenye koki chini. Mikono miwili ililishika kwa pamoja.

Mkono mmoja ulikuwa wa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mfupi, mwenye macho makali, amevaa gauni la bluu lenye mifuko mikubwa na kalamu ameichomeka kwenye nywele. Wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu, mwembamba, ambaye kwa joto lile la kuyeyusha mshumaa alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na kofia pana kama anakwenda shamba. Miwani yake ilikuwa safi mno, mtu angedhani haina vioo.

"Samahani, kaka. Nimeliona mimi kwanza."

"Sikatai, dada. Ila nimelishika mimi kwanza."

"Nina wagonjwa mia tatu wananisubiri."

Mwanamume akalitazama dumu, akamtazama na yeye. "Mimi nina kisiwa kimoja," alisema.

Mwanamke alikuwa amejiandaa kugomba, na kugomba anajua. Badala yake kicheko kikamponyoka, na ukishacheka na mtu kugombana naye tena ni kazi. "Kisiwa cha nani?" aliuliza.

"Hakina mwenyewe, ndiyo raha yake. Nataka kwenda kulala huko siku mbili. Hakuna maji, hakuna duka, hakuna mtu." Kisha akaliachia dumu. "Chukua. Wagonjwa kwanza."

Alilisema neno hilo la mwisho kwa uzito ambao mwanamke aliuona bila kuuelewa. Wakapanga foleni pamoja, dakika arobaini nzima, na mpaka wanafika kwa mlipishaji walikuwa wamekubaliana: dumu likae jikoni hospitalini mpaka mzigo mpya wa vyombo ufike, halafu limrudie mwenye kisiwa. Mambo ya namna hiyo hayawezekani bila kupeana namba za simu, na sidhani kama kuna aliyesikitika.

Mwanamke huyo alikuwa msimamizi wa stoo ya jiko la hospitali kuu. Wenzake walimwita Vipimo, na jina alilistahili. Ukimwonyesha gunia la mchele atakuambia litashibisha watu wangapi. Ukimwonyesha orodha ya vitu bila kumwambia ni ya nani, ataisoma kinyumenyume akutajie walaji ni wangapi na wangapi kati yao ni watoto. Mwanamume alikuwa fundi miwani. Kiduka chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la zamani, chumba kimoja chenye mashine ya kukata vioo, ubao wa herufi ukutani na viti viwili vya wateja.

Siku ya pili tu simu ililia stoo.

"Haloo, dumu letu linaendeleaje?" aliuliza Fundi.

"Halijambo. Limeshinda wadi ya watoto likigawa maji."

"Linaniulizia?"

"Linakuulizia sana. Nimeliambia wewe ni mtu wa visiwani, hutabiriki."

"Liambie nitakuja kulitembelea Ijumaa. Na mlezi wake nitamletea nini?"

"Mlezi wake anakunywa chai nyeusi, vijiko viwili vya sukari, visizidi."

Ijumaa alikuja na chai kwenye chupa, vijiko viwili, amepima sawasawa. Mpaka mwezi uliofuata unakwisha dumu lilikuwa limesahaulika kabisa katika mazungumzo, na hao wawili walikuwa wakiitana mpenzi kama walizaliwa wakiitana hivyo. Vipimo alianza kupaka wanja siku za kazi. Fundi, ambaye jirani zake walimjua kwa ukimya, akaonekana anapiga mluzi huku akifuta vioo.

Siku moja, wamekaa kwenye viti viwili vya wateja, Fundi alimwuliza, "Kazi ya wagonjwa haikuchoshi?"

"Kazi naipenda. Lakini wagonjwa wangu wanaishia getini. Nyumbani kwangu sitaki hata mtu mwenye mafua. Nikusikie unapiga chafya, utanikosa." Akamchokoza kwa kumgusa pua kwa kidole.

Fundi alicheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo. Vipimo hakukitilia maanani. Nami nakuomba msomaji ukitilie, maana hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Mara nyingine alimsimulia habari za sinia za chakula kisicho na chumvi. "Mtu anaumwa, halafu unampa chakula hakina ladha. Ni adhabu juu ya adhabu. Kwa hiyo mimi naweka kipande cha ndimu pembeni ya sahani, kila sinia isiyo na chumvi. Angalau ulimi upate cha kuamkia."

"Nani alikuambia uweke?" aliuliza Fundi.

"Hakuna. Haimo kwenye utaratibu. Nilimwuliza daktari kama ndimu ina madhara, akasema haina, basi. Mwaka wa sita huu."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi. Simu yake ikalia mlio mfupi. Ilikuwa saa mbili kamili za usiku. "Dakika mbili, mpenzi," alisema, akaingia nyuma ya pazia la karakana yake.

Hilo nalo lilikuwa jambo. Kila saa mbili, iwe ya asubuhi ya Jumapili, iwe ya usiku wamekaa na chai, simu ile ililia na Fundi akanyanyuka akaenda pembeni. Alirudi akitabasamu, akaendelea alipoachia. Vipimo alijisemea kwamba kila mtu ana mazoea yake. Alijisemea hivyo mara ya kwanza, ya pili, na ya tano.

Safari ya kisiwani waliipanga Jumapili moja, ramani imetandazwa juu ya meza ya kupimia miwani na kuzuiwa na fremu nne kwenye pembe. Fundi alimwonyesha: visiwa sita virefu vyembamba, vyote mchanga mtupu, vimejipanga mbele ya pwani kama ukuta wa uani. Mawimbi makubwa yakija yanavunjikia kule, yakifika mjini yamekwisha nguvu.

"Kwa hiyo tunaoga maji tulivu hapa kwa hisani yao," alisema Vipimo.

"Kwa hisani yao. Na hakuna anayekwenda kusema asante." Fundi alipitisha kidole juu ya kisiwa cha tatu. "Kuna dirisha moja mjini linaviona, siku isiyo na mawingu. Mstari mweupe tu. Niliutazama sana mstari ule."

"Dirisha gani?"

"La juu juu huko. Nitakuonyesha siku moja."

Vipimo alichomoa kalamu kwenye nywele. "Haya. Tunafikaje?"

"Kuna nahodha wa boti ya injini. Anatuchukua Ijumaa mchana maji yakijaa, anatushusha, anaondoka. Anarudi Jumapili maji yakijaa tena. Maji yakitoka hata ukimlilia hafiki, mchanga unakuwa nje."

"Simu?"

"Hazishiki."

"Choo?"

"Koleo."

Vipimo alinyanyua kichwa. "Koleo la nini?"

"La kuchimbia, mpenzi. Na takataka zote tunarudi nazo. Tukiondoka kibaki kama tulivyokikuta."

"Fundi wangu," alisema Vipimo polepole, "nakupenda, na Mungu anajua. Lakini hilo koleo tutalijadili upya."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha wakagawana kazi. Chakula kikawa cha Vipimo: mchele, maharage ya kuchemsha nyumbani kabisa, mayai, mkate, ndizi, jiko dogo la gesi na viberiti vilivyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Fundi akachukua hema, vigingi virefu vya mchangani, sanduku la dawa, boti na maji, maana dumu lilikuwa limesharudi kwake. Siku kumi na mbili zilikuwa zimebaki. Vipimo hakumbuki kama aliwahi kusubiri kitu kwa furaha namna ile tangu utotoni.

Jumatatu Fundi alimtumia orodha yake kwenye simu, ameiandika kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Vipimo aliisoma stoo, ameegemea magunia. Hema la watu wawili, sawa. Magodoro mawili ya kukunja, sawa. Maji ya kunywa na kupikia, lita ishirini na nne. Chini yake, kwa mstari wa peke yake: maji ya akiba, lita nne.

Akairudia. Kwa hesabu aliyoambiwa na Fundi mwenyewe, mtu mmoja wa kambini hutumia lita nne kwa siku. Siku mbili, watu wawili, ni lita kumi na sita. Akiba imeandikwa kando, kwa hiyo lita nane zilizozidi si akiba. Ishirini na nne ni maji ya watu watatu, siku mbili, bila kupungua wala kuzidi hata kikombe.

Mwingine angesema mtu kakosea hesabu, au kaongeza kwa hofu ya jua. Vipimo hakuwa mwingine. Miaka minne nyuma alikuwa na mchumba aliyedai anaishi peke yake, na kila jioni mchumba huyo alinunua mikate mikubwa mitatu. Vipimo aliihesabu mikate ile kwa wiki mbili kabla ya kwenda kugonga mlango, akafunguliwa na mke mwenye watoto wanne. Tangu hapo aliamini orodha kuliko midomo ya watu.

Alimwonyesha mwenzake wa jikoni, mpishi mkuu, mama mnene mwenye huruma ambaye wote walimwita Mwiko.

"Ishirini na nne," alisema Mwiko, akijifuta jasho kwa aproni. "Mh. Na hiyo saa mbili yake ya kila siku?"

"Anaenda pembeni na simu."

"Mwanangu, sitaki kukutia maneno." Lakini alikuwa ameshamtia.

Jioni Vipimo alipiga simu. Alikuwa amejizoeza kuongea kwa utulivu, na utulivu huo ulidumu kwa sentensi mbili.

"Mpenzi, nimeiona orodha. Nani mwingine anakuja?"

"Hakuna. Wewe na mimi."

"Maji yako ni ya watu watatu."

Vipimo alisikia kiti kikivutwa. "Vipimo, maji hayo yana sababu. Nitakueleza tukifika kisiwani."

"Kisiwani, mahali simu hazishiki na boti haiji mpaka Jumapili. Huko ndiko utanieleza?"

"Nilitaka nikuelezee huko. Ni muhimu kwangu iwe huko. Niamini siku kumi na moja tu."

"Na saa mbili? Nayo utanielezea kisiwani?"

Kwa bahati mbaya, wakati huohuo ilikuwa saa mbili. Vipimo aliusikia mlio ule mfupi ndani ya simu, akamsikia Fundi akivuta pumzi.

"Dakika mbili, mpenzi, tafadhali usikate."

"Chukua zote," alisema Vipimo. "Na huyo mtu wa tatu mwambie nafasi yangu nayo achukue." Akakata. Alikaa jikoni kwake akitazama ukuta, na chozi lilipomfikia kidevuni alilipangusa kwa hasira, maana alikuwa ameapa hatalilia tena hesabu za mwanamume.

Fundi alipiga mara tisa. Kesho yake mara nne. Siku ya tatu alituma ujumbe mmoja: Sina mwingine. Naogopa tu. Samahani. Vipimo aliusoma zaidi ya mara ishirini, na kila mara aliishia kwenye neno lile "naogopa", akajiuliza mwanamume asiye na mwingine anaogopa nini.

Jumatano ya wiki iliyofuata, saa ya kugawa chakula cha mchana, mwanamke mmoja alisimama kwenye dirisha la jiko. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mrefu, mwembamba, kilemba cha njano kichwani, na dumu la lita ishirini lenye koki mkononi. Vipimo alilitambua dumu kabla ya mtu. Ndiye huyu, alijiambia. Kajileta mwenyewe.

"Wewe ndiye Vipimo?"

"Ndimi. Wewe ni nani?"

"Mimi ni dada yake Fundi, tumbo moja. Ningekuita wifi, lakini nasikia mmegombana, kwa hiyo nakuita dada kwanza." Akaliweka dumu dirishani. "Ameniambia lirudi kwa wagonjwa, safari haipo tena. Nimelileta. Lakini siondoki mpaka nikuulize kitu kimoja."

Uso ule ulikuwa wa Fundi mtupu, tofauti ni kilemba.

"Mdogo wangu amenikataza kusema habari zake, na sitasema," aliendelea yule dada. "Lakini naambiwa wewe unasoma orodha kuliko daktari anavyosoma vipimo vya maabara. Haya nisomee. Mtu mmoja, maji yake kwa siku ni ya watu wawili, jua liwe kali au lisiwe. Saa mbili asubuhi anameza kitu. Saa mbili usiku anameza tena, hapitishi hata robo saa. Jua analikwepa, mikono ya shati haikunji. Hapa jikoni kwenu mtu kama huyo mnampelekea chakula ghorofa ya ngapi?"

Vipimo alifungua mdomo ajibu, kwa mazoea ya kazi, kisha akashika ukingo wa dirisha. Ghorofa ya juu kabisa. Wadi ya figo, chumba cha waliopandikizwa. Mtungi mzima wa maji kando ya kila kitanda, na kadi nyekundu ya saa za dawa. Ameipanga mitungi hiyo kwa miaka sita. Ni wadi pekee ambayo dirisha lake linaiona bahari mpaka mwisho.

"Dada," alisema. "Nani alimpa?"

Mwanamke wa kilemba cha njano alijigusa ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, kama mtu anayehakikisha funguo zipo mfukoni. "Mwenyewe nilibakiwa na moja, na inanitosha. Mwambie asante ya kunirudishia ni kuacha kujificha." Akageuka, akaondoka na foleni ya wahudumu ikimpisha.

Vipimo alimkabidhi Mwiko funguo za stoo, jambo ambalo halijawahi kutokea saa za kazi. "Nimehesabu vibaya," alisema.

"Wewe?" aliuliza Mwiko.

"Mimi."

Alimkuta Fundi kidukani kwake anamsomesha mzee mmoja herufi za ukutani. Alisubiri kwenye kiti cha wateja, gauni la kazi bado lina unga. Mzee alipoondoka, Fundi alibaki amesimama na kioo mkononi, hajui akiweke wapi.

"Miaka mingapi?" aliuliza Vipimo.

Fundi akaelewa. Akaketi. "Na hii figo ya dada, miwili na miezi minne. Kabla yake, miaka mitatu ya mashine ya kusafisha damu. Siku tatu kila wiki, na mara nyingi nikilazwa."

"Kitanda namba ngapi?"

"Kumi na nne. Karibu na dirisha."

Vipimo alifumba macho. Kumi na nne, figo, bila chumvi. Ameiandika kadi ile kwa mkono wake mara zisizo na idadi, bila kujua ni ya nani. "Nimekulisha miaka mitatu," alisema.

"Umenilisha. Sikujua kama ni wewe mpaka uliposema habari ya ndimu." Sauti ya Fundi ilikuwa imeshuka. "Kuna siku nilikuwa sitaki tena. Si chakula, si mashine, si kuamka. Lakini sinia ikija nilitazama kwanza pembeni ya sahani. Nikijiambia, kuna mtu huko chini ambaye hajaambiwa na mtu yeyote, na amenikumbuka. Nikila ile ndimu nilitazama mstari mweupe dirishani na kusema, nikitoka hapa nitakwenda kule, na huyo mtu nitamtafuta nimshukuru. Kumbe nilimkuta dukani tunagombea dumu."

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Ulisema wagonjwa wako wanaishia getini."

Maneno yale yalimchoma Vipimo, na alijua yalikuwa yake. "Ulikuwa mzaha, Fundi."

"Najua. Lakini nimekuwa kitanda namba kumi na nne kwa muda mrefu. Na wewe ulikuwa unaniangalia kama mwanamume, unanigusa pua, unanitisha kwa habari ya mafua. Niliogopa nikisema utaanza kunipikia bila chumvi. Nikasema nitakuambia kule, nimesimama kwa miguu yangu kwenye kisiwa chenyewe, uone kwanza kwamba nimefika."

"Nisamehe," alisema Vipimo. "Nilikusoma kama nilivyomsoma mtu mwingine, wa zamani, ambaye makosa yake si yako."

"Na mimi nisamehe. Ningesema neno moja tu, usingelia. Mwiko ameniambia ulilia."

"Mwiko ana namba yako?"

"Alikuja juzi kupima macho. Haoni hata herufi ya kwanza, mpenzi. Usimpe kazi ya kusoma orodha tena."

Vipimo alicheka huku machozi yanamtoka, akamshika Fundi mkono kwa mikono yake yote miwili yenye unga, na hawakuachana mpaka mteja mwingine alipokohoa mlangoni.

Boti iliwashusha kisiwani Ijumaa mchana kama ilivyopangwa. Daktari alikuwa ametoa ruhusa kwa maandishi, na nahodha ameachiwa barua ya nini cha kufanya akichelewa. Maji yalikuwa lita thelathini na mbili mbali na akiba, maana Vipimo aliirudia hesabu mwenyewe akaongeza lita nane, maji ya Fundi ya siku nzima. Hema liliwatoa jasho, upepo ukiling'oa mara mbili kabla ya kutulia. Koleo lilijadiliwa, na sitasimulia zaidi ya hapo.

Jumamosi asubuhi walikaa nje ya hema kwenye turubai, Fundi na kofia yake pana, Vipimo na kanga aliyojifunga kichwani. Upande mmoja mawimbi makubwa yalikuwa yakijipiga mchangani kwa kishindo. Upande wa pili maji yalikuwa yametulia kabisa, na mbali kwenye ukingo wake mji ulionekana mdogo, umejaa majengo meupe.

"Lile refu ndiyo hospitali," alisema Fundi. "Dirisha letu la juu, la tatu kutoka kushoto. Kuna mtu amelala pale sasa hivi anatutazama na hajui."

Vipimo alinyanyua mkono, akaupungia mji. Fundi naye akapunga. Walipunga muda mrefu, bila aibu, kwa mtu wasiyemjua.

Simu ikalia mlio mfupi. Saa mbili. Kwa mazoea Fundi alianza kunyanyuka.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Vipimo. "Kaa."

Alikuwa ameshaviandaa vidonge kwenye kisahani, na pembeni yake kipande cha ndimu. Akafungua koki ya dumu lao, akajaza kikombe cha bati, akampa. Fundi akameza mbele yake, kwa mara ya kwanza, akanywa mpaka tone la mwisho. Vipimo akajaza kikombe cha pili, akanywa yeye.

Fundi alivua miwani. "Nilikuwa na maneno mazuri ya jana jioni, hema likang'oka nikayasahau. Nimebakiwa na mafupi. Nataka nikuoe, Vipimo. Nitakunywa maji mengi maisha yangu yote, na saa mbili haitaniacha. Lakini nataka nikuoe."

Vipimo alichukua kikombe cha tatu kwenye kikapu, akakifuta mchanga kwa ncha ya kanga, akakijaza polepole mpaka juu, akakiweka mbele ya Fundi.

"Hiki cha nani?" aliuliza Fundi.

"Cha wifi."

Fundi alikitazama kikombe, akamtazama yeye. Neno lilichukua muda kumfika, na lilipomfika akaivaa tena miwani. "Wifi yako yuko mjini," alisema kwa shida.

"Yuko hapa," alisema Vipimo, akimgusa tumboni. "Na lita zake nane nimemletea. Kunywa, mume wangu, asije akasema nimemnyima maji siku ya kwanza."